WILLIAM TYNDALE, BABA WA MISEMO

Misemo ya Kiingereza hututoa jasho wengi wetu darasani. Ukiichambua neno kwa neno unatoka mikono mitupu, kama vile mgeni atakavyopotea akiambiwa kwamba fulani amepiga chuku. Je, wajua kwamba baadhi ya misemo hiyo tunayokariri ilitoka katika kalamu ya mtu mmoja, naye akauawa?

William Tyndale alizaliwa Uingereza karibu mwaka wa 1494, akasomea Oxford. Alikuwa bingwa wa lugha. Enzi hizo Biblia ilisomwa kanisani kwa Kilatini, na kuitafsiri kwa Kiingereza bila idhini ya askofu kulikuwa marufuku. Mkulima alisikiliza tu, haelewi kitu. Inasimuliwa kwamba Tyndale aliapa kumwezesha hata kijana wa shambani kuyajua Maandiko.

Mwaka wa 1523 alimwendea Askofu wa London kuomba msaada, akanyimwa. Basi akavuka bahari hadi Ujerumani, na mnamo 1526 Agano Jipya likapigwa chapa mjini Worms. Nakala ziliingizwa Uingereza kimagendo, zimefichwa ndani ya marobota ya nguo. Askofu alizichoma moto, lakini wapi! Watu walizidi kuzitafuta.

Kwa kuwa aliwaandikia watu wa kawaida, maneno yake yalikuwa mepesi, yakakaa midomoni. Katika kitabu hicho cha 1526 mna msemo the powers that be, yaani wakubwa wenye mamlaka. Mwaka wa 1530, akitafsiri Mambo ya Walawi, alihitaji jina la yule mbuzi aliyebebeshwa dhambi za watu akaachwa jangwani. Akaunda neno scapegoat. Siku hizi ni mtu anayetwishwa lawama za makosa ya wengine. Mwaka huohuo, katika kisa cha Kaini na Abeli, akaandika my brother's keeper: mtu anayewajibika kwa usalama wa mwenziwe.

Naye Tyndale hakupata mlinzi. Mwaka wa 1535, akiwa Antwerp, alisalitiwa na Henry Phillips aliyejifanya rafiki. Alifungwa katika ngome ya Vilvoorde zaidi ya mwaka mmoja, akahukumiwa kuwa mzushi. Oktoba 1536 akanyongwa, kisha mwili wake ukachomwa.

Wakubwa walidhani yamekwisha. Kumbe! Kufikia 1539 Biblia ya Kiingereza iliwekwa makanisani kwa amri ya serikali ya mfalme, na sehemu kubwa ilikuwa kazi ya Tyndale. Watafsiri wa Biblia ya 1611 nao walichota humohumo, na misemo yake ikaenea hadi ikafika kwenye madaftari yetu.

Wanachama wenzangu, tusikariri msemo kama kasuku. Tuulize ulitoka wapi na watu huutumia lini. Tena tusidharau lugha ya mkulima, kwani ndiyo aliyoichagua Tyndale, nayo imeishi kuliko waliomwua.