Hugh Latimer na Pinde za Utoto Wake

Mtoto wa mkulima

Hugh Latimer alikuwa Mwingereza. Alizaliwa zaidi ya miaka 500 iliyopita katika kijiji cha Thurcaston, katikati ya Uingereza. Alipokuwa mtu mzima alikuwa askofu, na wafalme walimsikiliza. Lakini alianza maisha yake kama mtoto wa mkulima.

Baba yake hakuwa na ardhi yake mwenyewe. Alikodi shamba kwa mwenye ardhi, akalipa kodi ya pauni 3 au 4 kwa mwaka. Shamba hilo lilitosha kulisha vibarua wapatao 6. Lilikuwa na malisho ya kondoo 100. Mama yake alikamua ng'ombe 30. Kazi ilikuwa nyingi, lakini nyumba yao haikukosa chakula. Hata jirani maskini alipobisha hodi, alipata kitu.

Kazi ya upinde

Siku hizo jeshi la Uingereza lilitegemea sana wapiga upinde. Watu wa kawaida walikatazwa kuwinda kulungu katika misitu ya mfalme. Kwa hiyo wakulima walitumia pinde zao kwa kupiga shabaha siku za mapumziko, na kwa vita mfalme alipowaita.

Mwaka 1497 baba yake Hugh aliitwa vitani. Hugh alikuwa bado mdogo. Alimsaidia baba yake kufunga mavazi ya vita. Hakusahau siku hiyo maisha yake yote.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1541, sheria ilitaka kila baba mwenye mtoto wa kiume wa miaka 7 hadi 17 ampe upinde na mishale 2. Baba yake Hugh hakungoja sheria hiyo. Alimfundisha mwanawe upinde kwa bidii ile ile aliyotumia kumfundisha mambo mengine.

Upinde wa kwanza

Baba hakumpa mtoto upinde wa mtu mzima. Alimnunulia upinde mdogo uliolingana na umri wake na nguvu zake. Kwanza alimfundisha jinsi ya kusimama na jinsi ya kushika upinde. Kisha alimwonyesha namna ya kuvuta. Mtoto alipaswa kuvuta kwa nguvu ya mwili mzima. Anayevuta kwa mikono peke yake huchoka upesi.

Kwa nini aanze na upinde mdogo? Upinde ukiwa mgumu kupita kiasi, mtoto hawezi kuvuta kamba hadi mwisho. Mkono hutetemeka. Bega hupanda juu na mgongo hupinda. Mshale huenda ovyo. Mtoto akiendelea hivyo anaweza kuumia bega. Tena atazoea kuvuta vibaya, na kuacha mazoea hayo ni kazi kubwa.

Kijana anapokua

Hugh alikua, na nguvu zake zikaongezeka. Upinde wa jana ukawa mwepesi mno kwake. Baba akamnunulia mwingine wenye nguvu zaidi. Akakua tena, akapata mwingine. Kila upinde ulikuwa mkubwa kidogo kuliko ule wa kwanza.

Kijana yuko tayari kwa upinde mpya anapoweza kuvuta ule wa zamani hadi mwisho, akatulia, akalenga, kisha akaachia kamba bila kutetemeka. Na awe anaweza kufanya hivyo mara nyingi, hata akiwa amechoka kidogo. Akiweza mara moja tu kwa kujikaza, bado hajawa tayari.

Mishale nayo hubadilika. Kijana mwenye mikono mirefu anahitaji mshale mrefu. Upinde wenye nguvu unahitaji mshale mgumu, kwa sababu mshale laini hupinda sana unaporushwa na hauendi sawa.

Pinde za wanaume wa Uingereza zilikuwa na nguvu sana. Mwaka 1545 meli ya kivita iitwayo Mary Rose ilizama. Ilipochunguzwa, na kutolewa baharini mwaka 1982, zilipatikana pinde nzima zaidi ya 130. Nyingi zilikuwa na urefu wa karibu mita 2. Wataalamu wanakadiria kwamba kuzivuta kulihitaji nguvu kama ya kuinua mzigo wa kilo 45 hadi 80. Mtu hawezi kuanza na upinde kama huo akiwa mkubwa. Lazima apande ngazi hatua kwa hatua tangu utoto.

Mbele ya mfalme

Baba alimpeleka Hugh shuleni pia. Akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1535 akawa Askofu wa Worcester. Mwaka 1539 aliacha cheo hicho kwa sababu hakukubaliana na sheria mpya za dini za Mfalme Henry wa Nane.

Mwaka 1549 alihubiri mbele ya Mfalme Edward wa Sita. Mfalme huyo alikuwa mtoto wa miaka 11 tu. Latimer, akiwa mzee, alieleza jinsi baba yake alivyomnunulia pinde moja baada ya nyingine. Alisikitika kwamba vijana wameacha shabaha na kufuata anasa za mjini. Akawataka wakubwa wasimamie sheria ya upinde.

Mwaka huo huo alisema jambo jingine zito. Lile shamba ambalo baba yake alilipia pauni 3 au 4 sasa lilikodishwa kwa pauni 16 au zaidi. Mkulima aliyekuwa nalo alibaki bila kitu cha kuwasaidia watoto wake. Latimer alijua anachosema. Kama baba yake angelipa kodi ya namna hiyo, yeye asingepata elimu. Wenye ardhi walikuwamo miongoni mwa waliomsikiliza, na wengi hawakufurahi.

Mwisho wake

Mwaka 1553 Malkia Mary alianza kutawala. Alitaka nchi irudi katika Kanisa Katoliki. Latimer alikamatwa akafungwa. Aliambiwa aache mafundisho yake, akakataa. Tarehe 16 Oktoba 1555 alichomwa moto katika mji wa Oxford, pamoja na askofu mwenzake Nicholas Ridley. Alikuwa na umri wa karibu miaka 70.

Watu wengi humkumbuka kwa kifo chake. Sisi wazazi tumkumbuke baba yake pia. Mkulima yule alimtazama mwanawe kwa makini. Hakumpa mzigo uliomshinda, wala hakumwacha na kitu cha kitoto alipokuwa amekua. Kuchagua hivyo kunataka mzazi awe karibu na mtoto, na awe na uwezo kidogo mfukoni. Kodi ikimaliza kila kitu, hata mzazi mwenye bidii hushindwa.

Maswali

1. Baba yake Hugh alilipa kodi kiasi gani kwa mwaka?
2. Ni dalili gani zinaonyesha kwamba upinde ni mgumu mno kwa mtoto?
3. Utajuaje kwamba kijana yuko tayari kwa upinde wenye nguvu zaidi?
4. Kwa nini Latimer alilalamika juu ya kodi ya mashamba?
5. Zungumzeni darasani: ni kazi gani nyingine ambazo mtoto afundishwe hatua kwa hatua, kwa kifaa kinacholingana na nguvu zake?