Nayeche, Mama wa Waturkana

Sisi watu wa pwani tukiulizana nasaba huanza na baba. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka pumzi zikatike ama mzee asahau. Lakini waulize wazee wa Mombasa ni nani aliyeuweka mji, na wengi hawataanza na mwanamume. Watamtaja Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, aliyetawala kabla ya Shehe Mvita. Basi msishangae, ndugu wasomaji, nikiwaambia kwamba kaskazini ya mbali, katika nchi ya jua kali na mchanga, liko taifa zima ambalo likiulizwa asili yake humtaja mwanamke. Taifa hilo ni Waturkana, na mwanamke huyo ni Nayeche.

Jina la Lodwar wengi wetu tulilisikia kwanza kwa ajili ya siasa. Huko ndiko serikali ya kikoloni ilikomweka Mzee Jomo Kenyatta na wenziwe tangu mwaka 1959 mpaka 1961. Jina la Kakuma tulilisikia kwa ajili ya kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Kwa hiyo mtu wa pwani akitajiwa Turkana hukumbuka kizuizi, njaa na wakimbizi, akadhani amemaliza. Mimi nilibahatika kufika miji hiyo miwili, na huko ndiko nilikoanza kusikia habari za bibi huyu. Tangu siku hiyo sikuacha kumwulizia kwa kila mwenye kujua.

Nayeche hakuacha maandishi, wala hakuna aliyeandika mwaka wa kuzaliwa kwake. Maisha yake yamehifadhiwa vifuani mwa wazee, kwa masimulizi yaliyopokewa kizazi kwa kizazi. Wataalamu wa historia waliokaa na wazee hao na kuyakusanya masimulizi yao, kama vile John Lamphear, wanakadiria kwamba Waturkana walianza kuwa taifa la peke yao mnamo mwanzo wa karne ya 18, yaani kiasi cha miaka 300 iliyopita. Msomi mwingine, Mustafa Kemal Mirzeler, alichapisha kitabu kizima juu ya Nayeche mwaka 2014. Si haba kwa mwanamke ambaye hakumiliki kiti wala enzi.

Asili yake ni katika kabila la Wajie, ambao mpaka hivi leo wanaishi upande wa Kotido, katika nchi ya Karamoja, Uganda. Wajie husema kwamba Nayeche alikuwa binti wa Orwakol, mzee anayehesabiwa kuwa ndiye aliyewaanzisha. Ilikuwa nchi ya wafugaji wenye kulima mtama kidogo, na mali yao ni ng'ombe. Mvua ikichelewa, mtama hukauka, na ng'ombe huanza kutangatanga wakitafuta majani.

Katika kundi lile alikuwamo fahali mmoja wa rangi ya kijivu, jina lake Engiro. Fahali huyo alipotea. Wapo wasemao kwamba Nayeche ndiye aliyeona nyayo zake, akazifuata peke yake kuelekea mashariki, akavuka uwanda usio na maji, akateremka mpaka bonde la mto Tarach. Na wapo wasemao kwamba vijana wa kiume ndio waliotumwa kumtafuta, na walipofika bondeni walimkuta fahali amenenepa, na karibu naye yuko bibi kizee wa Kijie, peke yake, anachuma matunda ya mwituni. Bibi huyo ndiye Nayeche.

Masimulizi haya mawili yanagombana juu ya umri wake na juu ya nani alitangulia. Juu ya jambo kubwa hayagombani. Yote yanasema kwamba vijana walipofika walimkuta mwanamke amekwisha kuijua nchi. Anajua maji yako wapi chini ya mchanga, anajua mti upi una tunda la kuliwa na upi wa kuachwa.

Jambo hilo si dogo kwa mwenye kuijua Turkana. Mto Tarach si mto wa kutiririka mwaka mzima kama Tana. Siku nyingi ni njia ya mchanga mtupu, na mwenye kiu hana budi kuchimba kisima katika mchanga huo huo. Mvua ikinyesha milimani, maji huja kwa kishindo na kuchukua kila kilicho mbele yake, kisha yakaisha. Kando ya mto ndipo penye miti. Uko mti wanaouita edome, ambao tunda lake ni tamu na mtoto hulila papo hapo. Uko mwingine waitao edung, ambao tunda lake ni chungu, na halifai mpaka lichemshwe na maji yamwagwe, lichemshwe tena na maji yamwagwe tena. Uko na mkoma, ule ule ambao kwetu hutupa miaa ya kusukia mikeka, na kule wanawake husukia vikapu. Elimu ya miti hii ndiyo inayomvusha mtu mwaka wa njaa, na tangu zamani ni elimu ya wanawake. Asiyefundishwa atakufa kwa njaa chini ya mti wenye chakula.

Basi vijana wale walikula, wakanywa, wakapumzika, wakaona majani ya malisho. Walirudi Jie na fahali wao, wakatoa habari ya nchi waliyoiona. Wakawashawishi vijana wenzao, wa kiume na wa kike, wakachukua ng'ombe wakateremka wote bondeni kwa Nayeche. Hawakurudi tena. Hao ndio Waturkana wa kwanza. Kwa hiyo taifa lao halikuzaliwa kwa vita, wala kwa mfalme kumkasirikia mfalme. Lilizaliwa siku vijana wenye njaa walipomkuta mwanamke aliyekubali kuwaonyesha chakula kilipo.

Niliwahi kuuliza kama Nayeche aliwazaa Waturkana kwa tumbo lake. Niliyemwuliza alicheka. Alinieleza kwamba kwao mama ni mwenye nyumba na mwenye chakula. Katika boma la Mturkana kila mke ana kibanda chake, amekijenga kwa mikono yake, na watoto hujua kibanda chao kwa jina la mama. Nayeche alikuwa mwenye nyumba katika nchi isiyokuwa na nyumba. Waliofika wote walikuwa wageni wake, na mgeni akikaa sana huwa mtoto.

Mwislamu akisikia kisa hiki hawezi kuacha kumkumbuka Bibi Hajar. Simlinganishi yule na huyu, kwani habari ya Bibi Hajar tumeipokea katika dini, na hii ya Nayeche ni masimulizi ya wazee. Lakini sisi, ambao kila mwaka mahujaji wetu hukimbia baina ya Safa na Marwa kwa kuikumbuka mbio ya mama mmoja, tunafahamu upesi kuliko wengine maana ya mwanamke kuachwa na bonde lisilo na mmea. Tunajua pia kwamba kabila la Jurhum walipoona ndege wanazunguka juu ya maji, walikuja wakamwomba ruhusa mwanamke huyo kabla ya kupiga mahema yao. Mji wa Makka ulianza hivyo, kwa wageni kubisha hodi kwa mama. Mwenye kuamini hayo hawezi kuwacheka Waturkana kwa kumtaja bibi badala ya babu.

Nayeche alikufa huko huko bondeni. Wazee husema amezikwa katika kilima kinachoitwa kwa jina lake, Moru Anayeche, maana yake kilima cha Nayeche. Hakikujengwa kuba, wala hakuna jiwe lililoandikwa. Jina la mahali ndilo kumbukumbu, na kila mchungaji apitaye analijua.

Waliobaki waliongezeka, wakaenea kwa mafungu, wakashuka mpaka mto Turkwel ulipo mji wa Lodwar, wakafika na ziwani. Mwaka 1888 Count Teleki kutoka Austria na Hungaria alipofika kwenye ziwa lile akalipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, msafara wake ulikuwa na wapagazi wa pwani, na aliyeujua ubishi wa njia za bara alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanya biashara ya pembe kutoka Pangani. Watu wetu basi walikwisha kuonana na watoto wa Nayeche tangu zamani hizo. Jina la Rudolf limeondoka, na leo ziwa linaitwa Turkana.

Sasa nije kwenye jambo linalouma. Wajie waliobaki Karamoja na Waturkana walioteremka waliishi kwa muda mrefu kama ndugu na marafiki. Upande mmoja ukiwa na ukame, ng'ombe walikwenda upande wa pili. Ukoloni ukaja na mipaka yake, na mwaka 1926 ukaipanga upya kati ya Uganda na Kenya, pasipo mtu kumwuliza mchungaji. Kisha zikaja bunduki. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala ya silaha ya kambi ya jeshi ya Moroto iliporwa, na tangu hapo wizi wa mifugo, ambao zamani ulikuwa wa mikuki, ukawa wa risasi. Watoto wa mama mmoja wakawa wanazikana.

Hata hivyo jina la mama halikufa. Waturkana wanajua kufunga mkataba na kuuheshimu. Mwaka 1973, huko Lokiriama, walipatana na Wamatheniko wa Karamoja, wakazizika silaha ardhini, na mkataba huo hukumbukwa kila mwaka mpaka sasa. Na kwa Wajie njia iko wazi zaidi, maana kaburi ni la mama yao wote wawili. Katika miaka ya karibuni wazee na viongozi wa pande zote wamekuwa wakikutana Moru Anayeche kwa ajili ya amani. Ni vigumu kumtukana mtu mkiwa mmekaa juu ya kaburi la bibi yenu. Lodwar nako hufanywa tamasha liitwalo Tobong'u Lore, maana yake rudini nyumbani, na hualikwa ndugu wa lugha moja kutoka Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini: Wajie, Watoposa, Wanyangatom na wengineo. Wanaitwa warudi nyumbani kwa nani, kama si kwa mama?

Kutoka Lodwar kwenda Kakuma ni mwendo wa kiasi cha kilomita 120. Ukifika Kakuma utaona mto mpana wa mchanga. Huo ndio Tarach, mto wa Nayeche. Kando yake imekaa kambi iliyoanza kwa vijana wa Sudan waliokuja kwa miguu wakikimbia vita, wengi wao bila ya wazazi. Baadaye wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengine. Adhana husikika huko alfajiri kama ilivyo kwetu, kwani Waislamu kambini ni wengi. Wenyeji na wageni hugombana juu ya kuni, maji na malisho, na si haki kulificha jambo hilo. Mturkana ambaye hana chakula huona mgeni akigawiwa mgao, naye akalala na njaa. Lakini yupo pia mama wa Kiturkana aletaye kuni na makaa akauza kambini, akarudi na unga, na wamekwisha kujua majina ya watoto wao kwa wao.

Kwa maoni yangu hapo ndipo maisha ya Nayeche yanapotufaa hata sisi tulio mbali. Wakubwa wengi wa historia tunawakumbuka kwa miji waliyoiteka. Huyu anakumbukwa kwa kuwakuta wageni wenye njaa katika nchi ngumu na kutowaficha mti wenye tunda. Hakuwa tajiri, pengine hata ng'ombe mmoja wake hakuwa naye, kwani yule fahali alikuwa wa watu. Alichokuwa nacho ni kujua, na alichokijua alikigawa.

Hapa pwani pia tunao mabibi wa namna hiyo, waliolea watoto wa watu na kufundisha wari wa mitaa mizima, na makaburi yao hayana jina. Wengine wamekufa juzi tu, na wajukuu wao hawajui hata walitoka mji gani. Waturkana, ambao sisi huwaita watu wasio na kitabu, wameweza kulishika jina la bibi mmoja kwa miaka 300. Sisi wenye wino na karatasi tuna udhuru gani?