Askofu Dennis Durning, Baba wa Jimbo la Arusha

Mwaka 1963 Jimbo jipya la Arusha lilikabidhiwa kwa Askofu Dennis Durning, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mei 1966 Padre Vincent Donovan alimwandikia kutoka Loliondo: misheni ilikuwa na shule na hospitali, lakini Wamasai walioishika imani hawakuonekana. Aliomba aziache shughuli hizo, aende kuongea nao habari za Mungu tu. Sisi tunaohesabu mifuko ya saruji kila Jumapili twaujua uzito wa ombi hilo. Askofu alimruhusu, na padre akaenda bomani. Kwa sheria ya mwaka 1969 shule za misheni ziliingia mikononi mwa Serikali. Waliobatizwa bomani walibaki wana wa Kanisa. Askofu Durning alistaafu mwaka 1989, akafariki dunia mwaka 2002.