Daktari wa Jicho Moja Aliyesifu Chakula Chetu

Leo ningependa kuwasimulia maisha ya Dakta Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Akiwa na miaka 11 alipata ajali ya mawe, akapoteza jicho la kulia. Alipokuwa daktari aliomba kazi katika makoloni, lakini akakataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Hakufa moyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifika hapa Kenya akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapata kazi Uganda, kwanza Lira, kisha Mulago, Kampala.

Huko Mulago, mwaka 1957, aliona watoto waliovimba taya vibaya sana. Ilikuwa saratani. Mwaka 1961 yeye na marafiki wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri kama kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini wakiuliza hospitalini ni wapi ugonjwa huo unapatikana. Leo ugonjwa huo una jina lake.

Aliporudi Uingereza miaka ya 1960 alianza jambo lingine. Kwa nini Wazungu walikuwa wakiugua sana saratani ya utumbo na ilhali watu wa vijijini Afrika walikuwa hawaugui hivyo? Basi yeye na wenzake wakapima choo. Msicheke! Mwanakijiji wa Uganda alitoa karibu gramu 470 kwa siku, na mwanafunzi wa bweni Uingereza kama gramu 110 tu. Kwa Mganda chakula kilipita tumboni siku moja na nusu, kwa Mwingereza siku tatu. Burkitt akasema siri ni nyuzinyuzi za nafaka zisizokobolewa, maharagwe na mboga. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Siku hizi wanasayansi huchunguza jambo hili kwa kutumia nguruwe. Nguruwe hula kila kitu kama sisi, na tumbo lake linafanana na letu. Akilishwa nyuzinyuzi, bakteria wa utumbo mpana huzichachua na kutoa asidi iitwayo butireti. Asidi hiyo hulisha utumbo na pia hugusa jeni: nyingine huamka, nyingine hulala. Mtafiti huweza kupasua na kukagua kila sehemu ya utumbo wa nguruwe, jambo ambalo huwezi kumfanyia mtu mzima wa afya.

Sasa tuangalie hapa kwetu Eastlands. Kutoka Kayole hadi Buru Buru, kila kona ni chipsi na mandazi. Kwetu nyumbani, ndugu yangu mdogo hukataa ugali wa unga wa posho, ati ni wa watu wa ushago. Githeri nayo, shuleni tunaikimbia. Mimi nilimweleza habari za Burkitt, akanyamaza, lakini sahani hakuimaliza. Sitachoka kumwambia. Daktari alitoka mbali akaona thamani ya chakula chetu, na sisi tunakitupa kwa aibu tu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.