Bertha Benz: Mama aliyepeleka breki za gari kwa fundi viatu

UKITOKA Mtwapa hadi Malindi unakata karibu kilomita 100. Siku hizi ni safari ya kawaida tu: matatu inapita Kikambala, inavuka daraja la Kilifi, na ikifika Gede unaanza kumpigia mwenyeji wako simu. Lakini Agosti 1888, kule Ujerumani, mama wa miaka 39 alikata umbali kama huo kwa gari ambalo wengi njiani hawakuwa wamewahi kuona mfano wake. Na breki zikamwishia kwenye miteremko.

Jina lake Bertha Benz. Ndiyo, Benz hiyo hiyo unayoijua.

Alizaliwa Mei 3, 1849 mjini Pforzheim, kwa seremala aliyejiweza. Inasimuliwa kwamba katika Biblia ya familia iliandikwa kwa masikitiko kuwa mtoto huyu naye ni msichana tena. Enzi hizo wasichana wa kwao hawakupokelewa chuo kikuu, lakini Bertha alipenda mambo ya mashine tangu utotoni.

Akampenda Carl Benz, kijana fundi asiye na kitu mfukoni. Kwao, wazazi wa msichana ndio waliompa binti yao mali ya kuanzia ndoa. Mwaka 1871, hata kabla ya harusi, Bertha aliomba apewe sehemu ya mali yake mapema, akaitumia kumtoa mshirika aliyekuwa akiizamisha karakana ya Carl. Walioana 1872. Hataza ya gari lao la magurudumu matatu iliombwa Januari 29, 1886, na hati ilitoka kwa jina la Carl peke yake.

Shida ikawa wanunuzi. Watu waliliogopa, na Carl kila siku anakaza nati hii na kulegeza ile, haliachi litoke. Pesa za mkewe zilikuwa zimelala karakanani. Ndipo alfajiri moja, bila kumwambia mumewe, Bertha akawachukua wanawe Eugen, 15, na Richard, 13, wakaondoka Mannheim kuelekea kwa nyanya yao Pforzheim, zaidi ya kilomita 100.

Haikuwa mchezo. Mafuta alinunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, maana kituo cha petroli hakikuwepo popote duniani. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia. Waya ulipochubuka, aliufunika kwa mkanda wa soksi yake. Mlimani vijana walishuka wakasukuma.

Kupanda ni afadhali. Kazi ilikuwa kushuka. Breki zilikuwa vibao vya mbao vilivyobana magurudumu. Kila mteremko ulizidi kuvila, hadi vikakaribia kutoshika kabisa. Bertha hakungoja muujiza. Alisimama kwa fundi viatu, akamwambia apigilie ngozi juu ya vile vibao. Ngozi ilishika vizuri kuliko mbao, na ikiisha unabandika nyingine. Kibao chenyewe kinabaki salama. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa lainingi ya kwanza ya breki za gari.

Siri yake ni hiyo: weka mbele kitu kitakacholika badala ya kile cha bei. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianza kutengeneza lainingi za kuuza. Jina la kampuni yake, Ferodo, bado liko kwenye maduka ya spea. Na mkweche unaoutengeneza nyumbani kwenu Kilifi unafuata siri hiyo hiyo. Pedi na breki shuu zimeumbwa ziishe. Ukisikia chuma kikikwaruza chuma, umechelewa: sasa unakula diski au ngoma, na bei imepanda.

Pwani nayo ina adui zake. Hewa ya chumvi hushika kutu pistoni na pini za breki, na mafuta ya breki hunyonya unyevunyevu, kwa hivyo yabadilishwe hata kama hayavuji. Ukifungua gurudumu, usitegemee jeki peke yake. Weka stendi imara, na uzuie magurudumu mengine yasibingirike. Vumbi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani lainingi za magari ya zamani zilichanganywa na asbestosi inayoharibu mapafu. Lipanguse kwa kitambaa kibichi. Badilisha pande zote mbili, kushoto na kulia, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Kisha pampu pedali mpaka iwe ngumu kabla hujaondoka. Ikibaki laini kama sifongo, kuna hewa ndani: itoe kwanza, au muite fundi.

Bertha alifika Pforzheim jioni, akampelekea Carl telegramu. Aliporudi siku chache baadaye alikuwa na orodha: breki zivikwe ngozi, na iongezwe gia ya kupandia milima. Carl alimsikiliza. Habari za safari zilienea, wanunuzi wakaja, na kufikia 1899 kampuni yao ilikuwa kubwa kuliko zote duniani kwa kutengeneza magari.

Carl alifariki 1929. Heshima ya Bertha ilichelewa mno. Mei 3, 1944, siku aliyotimiza miaka 95, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Karlsruhe, alikosoma mumewe, kilimtunuku cheo cha seneta wa heshima. Siku mbili baadaye alifariki nyumbani kwake Ladenburg. Leo barabara aliyopita ina vibao vyenye jina lake mwenyewe, Bertha, kutoka Mannheim hadi Pforzheim na kurudi.