Charles Kettering: aliyewasha magari na kuacha sumu kwenye petroli

Msimu wa masika, gari la petroli likizimika kwenye maji katika barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, fundi haanzi kwa kufungua injini. Anafungua boneti na kukausha koili, nyaya za plagi na, kama gari ni la zamani, kifuniko cha distribyuta. Maji huupa umeme njia ya mkato, na cheche haifiki kwenye plagi. Msingi wa mfumo huo uliwekwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na Mmarekani Charles Kettering.

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 katika familia ya wakulima karibu na Loudonville, jimbo la Ohio. Macho mabovu yalimkatisha masomo ya chuo kikuu, akafanya kazi kwenye laini za simu kabla ya kurudi darasani na kuhitimu uhandisi mwaka 1904. Kisha aliajiriwa Dayton, kwenye kiwanda cha mashine za kupokelea fedha dukani.

Baada ya saa za kazi, yeye na wenzake walikusanyika kwenye banda la rafiki yake, Edward Deeds, kutafuta njia bora ya kuwasha injini za magari.

Koili yao ilifanya kazi hivi. Chuma kimezungushiwa waya mnene wa mizunguko michache, na waya mwembamba wa mizunguko maelfu. Platini zikigusana, umeme wa betri hupita kwenye waya mnene na chuma huwa sumaku. Platini zikiachana, sumaku hiyo huzimika ghafla, na kwenye waya mwembamba huzuka umeme wa maelfu ya volti. Kondensa huzuia platini zisiungue. Distribyuta hugawa umeme kwa zamu, silinda moja baada ya nyingine, na cheche huruka kwenye mwanya mdogo wa plagi.

Mwaka 1909 Henry Leland, mkuu wa Cadillac, aliagiza seti 8,000. Hapo ndipo ilipozaliwa kampuni ya Delco.

Lakini gari bado liliwashwa kwa kuzungusha hendeli. Cheche ikiwahi kabla ya wakati wake, injini ilirudi nyuma na hendeli ikavunja mkono wa dereva. Inasimuliwa kwamba rafiki wa Leland alikufa baada ya kuumizwa hivyo. Kettering alitengeneza starta ya umeme, na Cadillac za mwaka 1912 zikauzwa nayo.

Baadaye aliongoza utafiti wa kampuni ya General Motors. Tatizo lililomsumbua lilikuwa injini kugonga, pale petroli inapojilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mwaka 1921 msaidizi wake, Thomas Midgley, aligundua kwamba kuchanganya petroli na kemikali ya madini ya risasi kunaondoa mgongo huo. Risasi ilijulikana tangu kale kuwa ni sumu. Walikwisha kujaribu pia spiriti, inayoweza kutengenezwa kwa molasi ya miwa kama inayolimwa Kilombero, wakaona nayo inazuia kugonga. Hata hivyo kampuni ilichagua risasi, ambayo ilikuwa na hatimiliki na faida. Mwaka 1924 wafanyakazi kadhaa walikufa viwandani kwa sumu hiyo, lakini biashara iliendelea.

Kettering alifariki tarehe 25 Novemba 1958. Jina lake limebaki kwenye taasisi ya utafiti wa saratani ya New York, aliyoianzisha pamoja na Alfred Sloan mwaka 1945.

Risasi ilibaki kwenye petroli. Moshi wake uliingia kwenye damu ya watu na kudhuru hasa ubongo wa watoto, na fundi aliyenyonya petroli kwa mpira aliionja moja kwa moja. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha 2021.

Magari ya leo hayana platini. Kompyuta ndogo hukata umeme, na mara nyingi kila plagi ina koili yake. Ila kinachozaa cheche ni kilekile: sumaku inayozimwa ghafla. Ndiyo maana fundi wa Ifakara, masika yakifika, bado anaanza kwa kitambaa kikavu.