Mtakatifu Teresa wa Ávila Arudia Sala

Wapendwa wakatekumeni, wako watu walioanza kusali kwa bidii, kisha wakaanguka katika kosa, wakaona haya mbele ya Mungu, wakaacha sala. Huwaza moyoni kwamba mkosefu hastahili kusema na Mungu. Mtakatifu Teresa naye alishikwa na jaribu hilo. Sikilizeni habari zake.

Teresa alizaliwa mwaka 1515 huko Ávila, mji wa Hispania. Mwaka 1535 aliingia utawa kwa Wakarmeli wa mji huo, ingawa baba yake, Alonso, hakutaka kuachana naye. Ndugu ya baba yake alimpa kitabu chenye kufundisha sala ya moyoni, yaani kukaa kimya mbele ya Bwana Yesu na kusema naye kama rafiki. Teresa akaishika njia hiyo kwa furaha.

Kisha ugonjwa mkali ukampata. Mwaka 1539 alizimia muda wa siku nne. Watu wakadhani amekufa, hata kaburi lake likachimbwa. Alipozinduka, viungo vyake vilikuwa vimepooza, naye akakaa hivyo karibu miaka mitatu. Alivumilia yote, akamwomba Mtakatifu Yosefu amsaidie, akapona.

Basi ugonjwa haukumshinda. Alishindwa alipokuwa mzima. Wageni wengi walifika katika nyumba ya watawa, naye akapenda mno mazungumzo yao. Moyo wake ukatawanyika. Akaona haya kumkaribia Mungu, akaacha sala ya moyoni mwaka mzima na zaidi. Alidhani huo ni unyenyekevu, kumbe ni mtego wa Shetani.

Siku zile Alonso alikuwa akisali sana, kwa maana binti yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Teresa alimwambia kwamba udhaifu wa mwili unamzuia kusali. Mzee akasadiki, akamhurumia. Hivyo mwanafunzi aliendelea mbele, na mwalimu akabaki nyuma.

Mwisho wa mwaka 1543 Alonso akafa. Teresa akaenda kuungama kwa Padri Vicente Barrón, Mdominiko aliyekuwa muungamishi wa baba yake, akamfunulia mambo yote. Padri akamwagiza airudie sala. Akatii, wala hakuiacha tena mpaka kufa kwake.

Je, sala ikawa nyepesi tangu siku ile? Hata kidogo. Miaka mingi moyo wake ulikuwa mkavu. Mara nyingi alitega sikio asikie saa ikilia, ili wakati wa sala uishe. Siku nyingine kuingia tu katika kanisa kulimlemea, ikambidi ajilazimishe. Lakini aliingia. Na alipokwisha kujilazimisha, pengine alipata amani kupita siku zile alizosali kwa kupenda.

Mwaka 1554, alipokuwa na umri wa miaka 39, aliona sanamu ya Bwana Yesu mwenye madonda mengi. Akaanguka mbele yake, akalia, akaomba nguvu asimkosee tena. Tangu hapo neema ya Mungu ilimgeuza. Mwaka 1562 alianzisha nyumba ya Mtakatifu Yosefu huko Ávila, na baadaye nyingine nyingi; alipokufa mwaka 1582 zilikuwa zaidi ya 15. Mwaka 1622 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimpa cheo cha Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho. Ndivyo yule aliyeacha sala alivyokuwa mwalimu wa sala kwa dunia nzima.

Ndugu mkatekumeni, ukianguka, usingoje kwanza uwe mwema ndipo usali. Mgonjwa hangoji kupona ndipo aende kwa mganga. Hata ikiwa jana hukusali, hata ikiwa moyo ni mkavu na maneno hayaji, piga magoti jioni hii, ufanye ishara ya msalaba, uanze tena.

Mtakatifu Teresa wa Ávila, utuombee.